Maneti ya ajabu, benchi la nani?

Swali tulilowapa waandishi wa toleo hili ni fupi: je, maneti isiyo ya kawaida humfanya mtu aitamani zaidi mashine ya gemu? Kila mmoja amejibu kwa njia yake, na wengine hawakubaliani nami hata kidogo. Kabla hujafika kwao, ndugu msomaji, nitoe jibu langu, nililolipata kwa kuangalia vyumba vya play vya Mutwanga. Nimechagua Mutwanga kwa sababu huku mashine moja inachezwa na watu wengi kuliko walivyowaza wale walioitengeneza.

Mji huu uko chini ya Ruwenzori, wilayani Beni, Kivu Kaskazini, na maji ya mlima ndiyo yaliyouletea umeme. Mwaka 2013 kituo cha kwanza kilifunguliwa hapa chini ya mpango wa Mbuga ya Virunga. Uwezo wake ulikuwa kilowati 400 tu, lakini mambo mengi yalianzia hapo: kiwanda cha sabuni kikaja, chokoleti ya kakao yetu wenyewe ikaja. Vyumba vya play navyo vinaishi kwa umeme. Unavijua: skrini moja, maneti mbili, benchi mbili tatu za mbao, vijana wanaolipa kwa mechi. Karibu kila mara ni mpira wa miguu. Sheria yake kila mtoto anaijua: anayefungwa anaacha maneti, anayefuata anakaa. Katika miaka hii ambayo mashambulizi ya waasi wa ADF yamewafukuza watu kutoka mashamba yao ya kakao, kijana aliyefika jana kutoka kijiji kilichobaki kitupu anaweza kuingia, kulipa, na kucheza na mtu asiyemjua hata jina. Hakuna anayemfundisha. Vidole vyake vimekwisha kujua.

Kwa hiyo nikionyeshwa maneti mpya, nauliza kwanza kama inaongeza nafasi kwenye benchi au inaipunguza. Uzuri wake na ugeni wake ninaviangalia baadaye.

Wanaoamini kwamba maneti ya ajabu huuza mashine wana ushahidi mzito, nao ni Wii. Nintendo ilikuwa imeuza GameCube milioni 21.74. Mwezi wa Septemba 2005, huko Japani, mkuu wake Satoru Iwata akaonyesha maneti iliyofanana na rimoti ya televisheni, ya kushikwa kwa mkono mmoja na kupungwa hewani. Wii ikatoka mwaka uliofuata, na hadi mwisho wake zikauzwa milioni 101.63, kuliko PlayStation 3 na kuliko Xbox 360. Ushahidi huo ni wa kweli, ila rimoti haikufanya kazi peke yake. Nchini Marekani Wii ilianza kwa dola 249.99, wakati PlayStation 3 ya bei ya chini kabisa ilikuwa dola 499. Tena, karibu kila mahali nje ya Japani, gemu ya Wii Sports ilikuwa ndani ya boksi. Bibi ambaye hajawahi kushika maneti alirusha mkono kama mcheza tenisi na mpira ukaenda, kisha akampa mjukuu rimoti ileile. Wii ilivutia kwa sababu iliwaleta kwenye benchi watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakitazama tu.

Kama ugeni peke yake ungetosha, Wii U ingeuza zaidi. Ilitoka mwaka 2012, na maneti yake ilikuwa ya ajabu kuipita ile ya kwanza: kubwa kama kitabu, yenye skrini katikati. Lakini mashine moja ilifanya kazi na maneti moja tu ya aina hiyo. Wachezaji wengine walishika rimoti za zamani. Iweke hiyo katika chumba cha Mutwanga. Mmoja ana skrini yake mkononi, wenzake wanamchungulia. Ziliuzwa milioni 13.56. Wapo wanaosema jina liliwachanganya wanunuzi na gemu zilikuwa chache, nao wana haki. Mimi bado naona kwamba kampuni iliyokuwa imejifunza kukaribisha nyumba nzima ilitengeneza kitu cha mtu mmoja. Ilijirekebisha mwaka 2017 kwa Switch, ambayo maneti yake inatengana vipande viwili, ili aliyenunua mashine moja awe tayari na kitu cha kumpa mwenzake. Switch imevuka milioni 150.

Kinect nayo ina somo, hasa kwetu tunaojua gharama ya nafasi. Microsoft iliitoa Novemba 2010: kamera inayosoma mwili mzima, hakuna cha kushika kabisa. Katika siku 60 za kwanza ziliuzwa milioni nane. Lakini ilitaka mchezaji asimame karibu mita 1.8 kutoka kwenye kamera, na wakiwa wawili, karibu mita 2.4, mbele yao kusiwe na kitu. Katika chumba cha mbao chenye upana wa hatua chache, kupata uwanja huo ni kutoa benchi nje, na waliokaa kwenye benchi ndio wanaolipia mechi inayofuata. Tatizo halikuwa la Kivu peke yake. Wenye sebule ndogo Ulaya walilikuta vilevile. Mwaka 2013 Xbox One ililetwa na Kinect kwa lazima, kwa dola 499, dola 100 juu ya PlayStation 4. Kufikia Juni 2014 Microsoft ilikuwa inaiuza bila Kinect kwa dola 399, na mwaka 2017 ikaacha kuitengeneza.

Magitaa ya plastiki ya Guitar Hero, yaliyoanza mwaka 2005, sitayasemea mengi. Yalifurahisha, yalijaa madukani, na mwaka 2011 Activision ilikifunga kitengo chake. Gitaa lisilo na gemu nyingine halina kazi.

Kuhusu bunduki nina mengi ya kusema. Maneti yenye umbo la bunduki ni ya zamani sana: Zapper ya Nintendo ilifika Marekani mwaka 1985 ikiwa ya kijivu, baadaye ikapakwa rangi ya machungwa ili isidhaniwe silaha. Wapo wanaosikitika kwamba zimepotea. Zilipotea kwa sababu ya ufundi: zilitegemea jinsi televisheni za zamani, zile zenye mgongo, zilivyochora picha mstari kwa mstari, na skrini bapa zilipoingia zikaacha kulenga. Mimi sizitaki zirudi, hata kama mafundi wamekwisha kupata njia. Katika wilaya ambayo tangu Mei 2021 imo katika hali ya dharura ya kijeshi, mtoto anayetoka chumba cha play jioni akiwa na bastola ya plastiki mkononi anaweza kuuawa kabla hajaulizwa jina. Hakuna burudani inayostahili hatari hiyo, na mfanyabiashara anayezileta hapa namwomba aache.

Turudi kwenye maneti tunayoiita ya kawaida, maana nayo iliwahi kuwa ya ajabu. Msalaba wa vidole tunaouona upande wa kushoto ulibuniwa na Gunpei Yokoi kwa gemu ndogo ya mkononi ya Donkey Kong ya mwaka 1982. Kabla yake mtu alishika fimbo. Vishikio viwili vinavyojaa viganjani viliwekwa na Teiyu Goto wa Sony kwenye PlayStation ya 1994, na baadhi ya wakubwa wa kampuni walivipinga, wakitaka maneti bapa kama ya Nintendo, hadi Norio Ohga alipomtetea. Vijiti viwili vya dole gumba vilifuata mwaka 1997. Vyote vitatu vilikuwa vigeni siku ya kwanza. Vilibaki kwa sababu viganja vilitulia, na kampuni nyingine zikaviiga mpaka aliyejifunza kwenye mashine moja akaweza kukaa mbele ya nyingine. Kuigwa huko ndiko kulikomfungulia mlango yule kijana aliyefika jana.

Kuigwa kunasaidia pia maneti inapoharibika, na katika chumba cha play inaharibika haraka, kwa kuwa haipumziki. Chini ya kila kijiti mna vipande viwili vyenye utando wa kaboni. Msumari mdogo unasugua utando huo kila unapokimbiza mchezaji, na ukichakaa, mchezaji anaanza kutembea bila kuguswa. Fundi wa Butembo anatoa kipande kilichokufa na kuweka kingine, kwa sababu vipande vya aina hiyo vimo katika maneti za kampuni nyingi. Vinakuja kwa njia inayoleta karibu kila kitu chetu: Guangzhou au Dubai, Mombasa, Kampala, mpaka Kasindi. Maneti yenye kamera ya pekee au skrini ya pekee ikifa, imekufa. Mashine ya Dreamcast ilitumia sumaku kwenye kijiti chake tangu 1998, bila kitu cha kusugua wala kuchakaa, na nasikitika kwamba kampuni kubwa ziliendelea na kaboni huku zikitafuta ajabu nyingine za kutangaza. Mwenye chumba angefurahi zaidi kwa kijiti kinachodumu miaka mitano.

Mtu anaweza kusema basi kwamba mhariri anataka maneti zibaki zilivyo. Hapana. Ipo ajabu moja ninayoitaka kwa moyo wote, na ndiyo sababu nimeomba makala ya mwisho ya toleo hili. Benchi letu lina watu ambao maneti ya kawaida imewafukuza. Vita vimewaacha vijana wa Kivu bila mkono, au na vidole visivyofunga. Mjini Goma kituo cha Shirika la Umoja kimetengeneza viungo bandia kwa miaka mingi, na kijana anayerudi nyumbani na mkono wa namna hiyo anaweza kubeba ndoo na kufungua mlango, lakini PlayStation inataka madole gumba mawili na vidole vya shahada viwili kwa wakati mmoja. Anakaa nyuma, anatazama mechi za wenzake.

Septemba 2018 Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller, kwa dola 99.99, baada ya kushauriana na mashirika ya watu wenye ulemavu, miongoni mwao SpecialEffect ya Uingereza na AbleGamers ya Marekani. Ni ubao mweupe wenye vitufe viwili vikubwa unavyoweza kubonyeza kwa kiwiko, na nyuma yake mna matundu 19 ya milimita 3.5, ukubwa uleule wa tundu la redio unapochomeka kisikizi. Kila tundu linasimama badala ya kitufe kimoja. Sony ilifuata Desemba 2023 kwa maneti yake ya Access, inayofanya kazi na PlayStation 5 peke yake, kwa hiyo haisaidii vyumba vyetu ambavyo bado vina mashine za zamani. Ile ya Microsoft inakubali pia kompyuta ya Windows, na gemu za mpira ziko kwenye kompyuta.

Kwa fundi, matundu hayo 19 ni mlango uliofunguliwa. Kitufe cha mguu ni kipande cha ubao, swichi ya taa, waya, na plagi ya milimita 3.5 iliyokatwa kwenye kisikizi kilichoharibika. Swichi inayobaki imebanwa haifai. Anayetengeneza aongeze springi ili irudi yenyewe. Michoro iko ukurasa wa 31, na wenye vyumba vya play watakaokubali kuweka kompyuta moja kando ya benchi watuandikie, tuwaunganishe na mafundi walioichora.