Kabla ya Kupeleka Zao Sokoni, Lipike Kwanza Nyumbani

Leo sizungumzii mbolea wala viuatilifu, naingia jikoni. Najua wapo watakaosema bwana shamba kaishiwa. Vumilia kidogo, hii ni habari ya pesa.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilimshauri kijana mmoja wa Mgeta alime brokoli. Baridi ya kule juu inaifaa, na mnunuzi wa Dar es Salaam alishaahidi kuchukua mzigo wote. Kijana akalima vizuri kuliko nilivyotegemea. Siku ya kuvuna, simu ya mnunuzi ikawa haipatikani. Tukateremsha mzigo mpaka Soko Kuu la Chifu Kingalu, Morogoro mjini. Mama mmoja akashika kichwa cha brokoli, akakigeuzageuza, akauliza: "Hii inapikwaje, wanangu?"

Kijana akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia viatu vyangu. Kati yetu wawili hakuna aliyewahi kuipika hata siku moja. Baada ya siku chache ikageuka njano, ikaishia kwa nguruwe. Pesa iliyopotea pale ilikuwa ya ada ya mdogo wake. Nilimkuta yule mtoto yupo nyumbani siku ya shule, na hilo sijalisahau.

Ndiyo maana leo nasema wazi: zao la chakula usilojua kulipika, usilipande kwa biashara. Jifunze kwanza kulipika, ulile wewe na watu wa nyumbani kwako, ndipo uzungumze habari za heka.

Somo hili nililikamilisha safarini. Nilikwenda Zanzibar, nikapelekwa kwenye mashamba ya viungo kule Kizimbani. Mdalasini, karafuu, pilipili manga, iliki, yaani vitu vilevile vinavyoota kwetu Kinole, Matombo na Tawa. Tofauti niliiona Darajani sokoni: vinauzwa kwenye vipakiti vidogo, na muuzaji anakueleza hiki cha pilau, hiki cha chai, weka kiasi hiki, usikaange sana. Mteja anaondoka na kiungo pamoja na maelezo yake. Jioni nikala magimbi ya nazi, laini, yananukia. Nikajiuliza: magimbi tunayo, viungo tunavyo, nazi inashuka Morogoro kila siku kutoka Pwani. Kwa nini kwetu gimbi linachemshwa na chumvi tu, na pilipili manga anaondoka nayo dalali?

Niliporudi nikaanza kujaribu nyumbani. Chakula tunachokipenda sasa ni hiki, cha watu wanne au watano:

Chukua vikombe viwili vya njegere mbichi zilizomenywa, viazi mviringo vitatu, karoti mbili, nyanya mbili, kitunguu kimoja na nazi moja. Kaanga kitunguu kwa mafuta kidogo, tia nyanya mpaka ziive kabisa. Weka viazi na karoti zilizokatwa, kipande cha mdalasini chenye urefu wa kidole gumba, chumvi, na tui jepesi. Viazi vikianza kulainika weka njegere, usizipike mpaka zipondeke. Malizia kwa tui zito na pilipili manga uliyoitwanga muda huohuo. Koroga taratibu, ikichemka kidogo epua. Kula na wali wa Kilombero au ugali. Ukitoa nazi na chumvi, karibu kila kitu hapo kinatoka mkoa huuhuu.

Sasa biashara iko wapi? Fanya jaribio hili. Pika njegere zilizochumwa leo asubuhi, halafu sufuria nyingine pika zilizolala siku mbili ndani ya gunia. Onja zote mbili. Za leo ni tamu, za gunia zina ladha ya unga. Sukari ya njegere hugeuka wanga baada ya kuchumwa, na joto linaharakisha. Ukionja mwenyewe utaelewa kwa nini mnunuzi wa mjini analalamika, na utaacha kushindilia lumbesa na kuianika juani ikisubiri gari. Mimi nimelisema hilo kwenye semina nyingi bila mafanikio. Mwiko umelisema vizuri zaidi.

Viazi ni hivyohivyo. Kiazi kilichopigwa na mwanga mpaka kikawa kijani kina uchungu na sumu. Mwenye kupika anamenya, anaona, anatupa, na mwezi ujao hanunui kwako. Pilipili manga iliyochumwa changa mno inakauka ikiwa nyepesi, haina harufu. Mtu anayeitwanga jikoni kwake hawezi kuichuma changa tena.

Wapo wanaonijibu: "Bwana shamba, muda wa kupika nautoa wapi? Hiyo kazi ya mama watoto." Ndugu yangu, mama watoto ndiye mteja wako. Wenzake ndio wanaobonyeza nyanya zako sokoni. Ukikaa naye jikoni jioni moja utajua soko kuliko kwa kumpigia dalali simu kumi. Wengine wanasema wakulima wa kahawa wengi hawainywi na bado wanauza. Ni kweli, lakini ndiyo maana wakiambiwa daraja lao ni la chini hawana la kubisha.

Na lipo jambo linaloniuma zaidi. Naona vijana wanashusha gunia za njegere na karoti, wanapokea pesa, wanakula chipsi stendi, nyumbani mtoto anakula ugali na chumvi. Kilimo biashara kisichofika kwenye sahani ya mtoto wako kina kasoro, hata daftari likionyesha faida.

Yule kijana wa Mgeta amerudi kwenye njegere na viazi. Msimu huu ametenga tuta moja tu la brokoli, la kula nyumbani. Anaikaanga na kitunguu na karoti, dakika chache. Ameniambia akiulizwa tena sokoni inapikwaje, atajibu yeye.

Jumapili hii ingia jikoni, upike zao lako. Tukikutana shambani, swali langu la kwanza litakuwa hilo.