Mtu wa Mbooni, kura yako iko wapi?

Kila Disemba tukishuka kutoka Nairobi, sote huwa wachambuzi: mbunge amelala, barabara mbovu, Kalawa hakuna maji. Sawa. Lakini kura yako iko wapi? 2022 mimi nilikuwa Pipeline nikifuatilia matokeo kwa simu.

Mbooni ina wadi sita na mbunge mmoja. Mutula Kilonzo alishinda hapa 2007, akawa Seneta wa Makueni 2013, akafariki mwaka huohuo. Bintiye Kethi, wakili, akataka kiti. Akazuiwa, eti hajasajiliwa kama mpiga kura. Kakake, Mutula Junior, ndiye akakichukua.

Kama sajili ilimfungia mtoto wa seneta mlango, sembuse wewe na mimi? Beba kitambulisho, ujiandikishe kule unakolalamikia. 2027 si mbali.