Si Bahati Mbaya

Bunduki inapompasukia mtu mikononi, watu husema, "Bahati mbaya." Matangani hapana anayeuliza zaidi, maana kuchunguza mambo ya marehemu ni kukosa adabu. Mimi nalipinga neno hilo. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu hadi nilipostaafu nikiwa mkuu wa shule, nimesahihisha makosa ya namna mbili: ya asiyejua na ya asiyeangalia. Asiyejua hufundishika. Asiyeangalia anajua kila kitu, na huyo ndiye anayenitia hofu.

Tazama gobore. Mwenye nalo alifundishwa na baba yake: baruti kwanza, kisha kitambaa, kisha risasi, vishindiliwe kwa mdeki mpaka chini, na fataki iwe ya mwisho kabisa. Ajali basi hutoka wapi? Hutoka kwenye maongezi. Mtu amekwisha kumimina baruti, jirani anapiga hodi, wanajuliana hali, zinafuata habari za mvua na za nguruwe waliomaliza mihogo. Akirejea kazini hakumbuki alipofika, naye kwa kujiamini anamimina tena. Mwingine hushindilia nusu, risasi ikakwama katikati ya mtutu. Mwingine fataki yake hulia, baruti isiwake, naye papo hapo akachungulia mdomo wa mtutu, badala ya kuuelekeza pasipo na mtu na kungoja.

Dawa ipo wala haina gharama. Mdeki utiwe alama mbili, moja ya mtutu mtupu na moja ya mtutu uliojazwa sawasawa. Ukiutumbukiza, wenyewe unakueleza. Wapo wazee wafanyao hivyo, na vijana huwacheka kuwa ni waoga!

Liko na kosa baya zaidi. Baruti nyeusi ya gobore ni shura, makaa na salfa. Baruti isiyo na moshi, aliyoibuni Paul Vieille huko Ufaransa mwaka 1884, ni kitu kingine kabisa, na nguvu zake gobore haliziwezi. Anayeitoa kwenye risasi ya kisasa akaipima kwa kipimo cha babu yake amejitengenezea bomu, kisha analiegemeza shavuni.

Nisidhaniwe nawasema wanavijiji peke yao. Huko Marekani wako wanaojaza upya maganda ya risasi nyumbani, wana mizani na vitabu vya vipimo. Kosa ni lile lile. Baruti nyingi za bastola ni kali hata kipimo chake hakifiki nusu ya ganda, hivyo kipimo maradufu huingia bila kumwagika. Walio makini huweka mezani kopo moja tu la baruti, huyapanga maganda kwenye kibao, na humulika kila ganda kwa tochi kabla ya kulifunga kwa risasi. Asiyemulika, mizani yake haimfai kitu.

"Nimefanya hivi miaka thelathini," ndilo jibu ninalopewa. Miaka thelathini ya kutotazama!

Atakayenilaumu kuwa nawasema wafu, nitamwambia kwamba gobore la marehemu halikuzikwa naye. Kijana wake analitaka. Sheria ya silaha ya mwaka 2015 inamdai leseni, na huenda akaipata, lakini mdeki atakaokabidhiwa ni ule ule, hauna alama.