Daftari la mali za Montepuez liko wapi?

Februari 2017 polisi wa Msumbiji waliingia Montepuez, kwenye machimbo ya rubi huko Cabo Delgado, wakafukuza maelfu ya wageni, Watanzania wengi wakiwamo. Vijana wetu walirudi Mtwara mikono mitupu. Nyuma waliacha vibanda vya biashara, pikipiki, vitanda na akiba ya jasho lao.

Serikali ya CCM iliwapokea mpakani. Tunakubali. Lakini kumpokea mtu si kumrudishia chake. Nani alikaa nao akaandika jina, mali, thamani yake na mahali ilipobaki? Daftari hilo liko wapi?

Vigogo watasema wengi hawakuwa na vibali. Sawa, asiye na kibali arudishwe kwao. Lakini kukosa kibali hakugeuzi godoro ulilonunua kwa fedha yako kuwa mali ya askari.

Tazameni wengine. Marekani iliandikisha madai ya raia na makampuni yake yaliyonyang'anywa mali Cuba baada ya mapinduzi ya 1959. Madai 5,913 yalithibitishwa. Mengi hayajalipwa, lakini faili halijafungwa.

Iraki ilipoivamia Kuwait mwaka 1990, maelfu kwa maelfu ya vibarua wa Misri, India na Ufilipino walikimbia na nguo za mwilini. Mwaka 1991 Umoja wa Mataifa uliunda tume ya fidia, na serikali zao zikakusanya madai na kuyapeleka. Hadi 2022 Iraki ilikuwa imelipa dola bilioni 52.4 kwa wadai wapatao milioni 1.5. Wale hawakuwa matajiri. Walikuwa makabwela kama sisi, ila serikali zao zilishika kalamu.

Kabwela hana ubavu wa kuidai nchi ya watu peke yake. Wa kumbishia hodi ni serikali yake, nayo haiwezi kwenda Maputo bila karatasi mkononi.

Wizara ya Mambo ya Nje ifungue daftari Mtwara, Dar es Salaam na katika kila ubalozi. Wabunge wetu waibane bungeni hadi ijibu. Nawe kijana uliyekuwa Montepuez, andika orodha yako leo, tafuta shahidi, tunza kila risiti. Wahenga walishatuonya: mali bila daftari huisha bila habari.