Mulango wa pili uko wapi?



Leo mukitoka kazini ao masomoni, mufanye kitu kimoja. Muingie katika mangazini yoyote ya etaji, iwe Nyawera ao kwenye njia ya kupanda Kadutu. Mbele ya kuuliza bei, mujiulize: kama moto unawaka hapa mulangoni, nitatokea wapi? Mutazame dirisha: vyuma vya antivole. Mutazame ngazi: makarto ya sabuni na biskuti mpaka juu, mutu anapita kwa ubavu. Mutazame nyuma: ukuta. Kuko mulango mumoja tu, na mara nyingi pembeni yake njo kuko jenereta na bidoni ya mafuta.

Mambo haya sikuyasoma katika kitabu. Nilipomaliza sekondari, nililala miezi tisa ndani ya depo moja ya muji huu, kulinda bidhaa za patro. Tulikuwa vijana watatu. Kila siku saa mbili ya usiku, patro alikuwa anafunga kadenasi mbili kwa inje, anaenda kwake na funguo. Ndani kulikuwa magodoro ya musi, mafuta ya kupikia, makarto, na siye.

Usiku mumoja, umeme ulirudi kwa nguvu nyuma ya delestaji. Waya ikaanza kutoa cheche juu ya magodoro, moja ikashika moto. Tulikata umeme, tukaivuta ile godoro pembeni, tukaikanyaga na kuifunika na magunia mpaka ikazimika. Moshi ulijaa kote, tukalala chini kwenye simenti, pua karibu na nafasi ndogo chini ya mulango. Tulipigia patro simu, haikupita. Tulikaa hivyo mpaka saa kumi na mbili ya asubui. Alipofungua, aliuliza tu godoro iliungua namna gani. Bei yake aliikata kwenye mushahara wetu.

Wakati ule sikuona kama ni jambo la haki. Nilisema ni bahati mbaya ya kazi.

Njo maana ninakasirika kila mara moto unapita kwetu na tunasikia maneno yale yale: «Ni mapenzi ya Mungu», «Gari ya kuzima moto ilichelewa». Ile ya kwanza ni uongo. Mungu hakufunga kadenasi. Ile ya pili ni kweli, na Leta inapaswa kujibu: njia za mitaa yetu ni nyembamba gari haipite, robine zinakauka, na ziwa Kivu iko hapa chini ya miguu yetu. Lakini hata muji wenye magari mia moja, moshi hauyangoje. Musi ya godoro ikiungua inatoa moshi wa sumu. Kwa dakika chache mutu anaishiwa nguvu, anaanguka, hata mbele ulimi wa moto haujamufikia. Gari ikija nyuma ya dakika makumi mbili, itakuta kadenasi, na nyuma ya kadenasi itakuta maiti. Katika zile dakika za kwanza, kitu kinaokoa mutu ni mulango wenye kufunguka.

Siye watu wa Kivu ya Kusini tunajua moto ni nini. Tarehe 2 Julai 2010, kule Sange, kwenye njia ya Uvira, lori ya mafuta ilianguka na kuwaka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Wamoja walikuwa wamekuja kuchota mafuta. Wengine walikuwa wamekaa kwao, ao wamejaa ndani ya chumba cha video wakitazama mupira wa Kombe la Dunia. Wale wa video hawakufanya kosa lolote, walilipa, wakaingia, wakakaa. Leo tena, siku ya mechi kubwa, vijana wangapi wa Bukavu wanasongamana ndani ya chumba cha mbao chenye mulango mumoja? Tulilia Sange, tukazika, lakini hatukutoboa mulango wa pili.

Patro mumoja aliniambia: «Kijana, nikiacha kufunga, wezi watamaliza vyote, na polisi nitaitafuta wapi?» Hatuwezi kumucheka. Watu wenye silaha wanapita usiku katika mitaa yetu, kila mutu anajua. Lakini kufunga kuko namna mbili. Fundi wa vyuma anaweza kuweka komeo ya ndani: mutu wa inje haifungue, mutu wa ndani anaivuta na mukono, bila ufunguo. Antivole ya dirisha inaweza kuwekwa kwenye bawaba, ifunguke kutoka ndani. Hiyo inalinda bidhaa na inalinda mutu. Kadenasi ya inje inalinda bidhaa peke yake. Tena tuseme ukweli wote: ile kadenasi si ya wezi tu. Ni yetu pia. Patro anaogopa vijana wake kuliko anavyoogopa moto.

Na Leta? Leta inazijua hizo mangazini zote. Kila mwaka maajenti wanapita: patente, kodi, karatasi hii, karatasi ile. Katika miezi yangu tisa, niliona ajenti mumoja tu aliyeuliza habari ya moto. Patro alimuonyesha chupa nyekundu ya kuzimia moto, ile ya ukutani. Sindano yake ilikuwa imelala upande wa nyekundu, maana yake haina nguvu tena. Ajenti akapokea pesa ya soda, akaandika kwamba yote iko sawa.

Artikle ya 16 ya Katiba yetu inasema mutu ni kitu kitakatifu, na Leta iko na lazima ya kumuheshimu na kumulinda. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamupa patro lazima ya kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Kwa hiyo hatuombe zawadi. Tunataka hivi:

1. Meri na komini: mbele ya kutoa ao kurudilia ruhusa ya jengo la biashara, ajenti aingie, ahesabu milango, aifungue na mukono wake. Jibu libandikwe pale mulangoni, kila mukliya alisome.

2. Wakaguzi wa kazi: mukataze kabisa kufungia mufanyakazi kwa inje. Muanze na madepo, na mupite usiku, si saa nne ya asubui.

3. Mapatro: ngazi iwe wazi. Jenereta na mafuta vikae inje, mbali na mulango. Chupa ya kuzimia moto iwe na sindano kwenye rangi ya kijani, na wafanyakazi wawili wajue kuitumia. Muwaambie pia: maji hayamwagwe kwenye moto wa mafuta ao wa umeme.

4. Siye vijana: tuhesabu milango, avenyi kwa avenyi, kwa amani, bila kutukana mutu na bila kuvunja kitu. Dukani, kanisani, nganda, chumba cha video. Tuandike, tupeleke liste kwenye komini, turudi tena nyuma ya mwezi mumoja. Na wewe mwenye kufungiwa usiku, utuandikie. Jina lako halitatoka.

Wengine watasema kuko vita, kuko njaa, hizi ni hesabu za milango tu. Lakini vita hatuwezi kuisimamisha kesho asubui. Komeo ya ndani, fundi anaweza kuiweka kesho asubui.

Usiku huu, wakati munasoma haya, kuko vijana katika muji huu wamefungiwa na kadenasi. Kesho patro atafungua, atawakuta wazima, atasema: «Munaona? Hakuna shida.» Na wao watanyamaza, kama vile tulinyamaza.

Wafunguliwe.