Risala ya Wenye Nyumba kwa Kamati ya Jengo

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wa Kamati ya Usimamizi,

Sisi wenye nyumba katika jengo hili la Nyali tunaleta risala hii isomwe kikaoni na iingizwe katika kumbukumbu, iwapo kumbukumbu huandikwa. Tumeziomba mara nyingi na hatujaonyeshwa hata ukurasa mmoja.

Hatukuja kulalamikia lifti. Lifti huharibika, pampu hufa, na shida ya maji ya Mombasa hakuna asiyeijua. Linalotuudhi ni namna mambo yanavyoamuliwa. Ada ya huduma imepandishwa kwa ujumbe wa WhatsApp uliotufikia usiku, pasipo mkutano wala hesabu. Kazi ya kupaka rangi alipewa fundi ambaye baadaye tulijua kuwa ni shemejiye mjumbe mmoja. Rangi yenyewe, tuseme haki, bado haijabambuka. Lakini bei ya fundi mwengine hatukuiona, na mjumbe huyo, kwa maneno yake mwenyewe, alikaa kikaoni akapiga kura. Kisha majina ya wanaodaiwa yakabandikwa ndani ya lifti, wageni na watoto wayasome, kana kwamba nchi haina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Wengine wakakatiwa maji, ambayo Kifungu cha 43 cha Katiba kinayataja kuwa haki ya kila mtu. Mwenye deni aandikiwe barua, na akikaidi apelekwe mbele ya sheria. Asidaiwe kwa kiu.

Mnatujibu kuwa mnajitolea. Kweli, na tunashukuru. Lakini jengo si lenu peke yenu. Sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, iliyofuta ile ya 1987, inamfanya kila mwenye nyumba kuwa mwanachama wa shirika la jengo, na ngazi, paa na ua ni mali yetu sote kwa mafungu.

Hofu yetu kubwa iko chini, kwenye maegesho. Nguzo zimepasuka, vipande vya zege vinadondoka, na upepo wa chumvi hauna huruma na nondo. Huko Surfside, Florida, jengo la ghorofa 12 la ufukweni liliporomoka usiku wa 24 Juni 2021 likaua watu 98. Ripoti ya mhandisi kuhusu kuharibika kwa zege ilikuwa mikononi mwa bodi tangu 2018. Watu walibishana juu ya gharama, wajumbe kadhaa wakajiuzulu, na mchango wa dola milioni 15 ulipopitishwa, malipo yalipangwa kuanza 1 Julai 2021, wiki moja baada ya maafa. Hatusemi letu liko hivyo. Hatuna la kusema kabisa, kwa sababu ripoti ya mhandisi mliyemwita mwaka jana mmeifungia.

Kwa hiyo tunadai kwanza ripoti hiyo, nzima, ndani ya siku saba. Ada mpya isitozwe mpaka mkutano mkuu uione hesabu iliyokaguliwa na kuikubali. Maji yarudishwe leo na orodha ile ibanduliwe. Kazi yoyote ya fedha nyingi iletewe bei tatu, na mjumbe mwenye udugu na mkandarasi atamke hivyo na atoke nje.

Kuhusu vikao, hatuombi makubwa. Sheria ya California huitaka bodi ya wenye nyumba itoe notisi ya siku nne yenye ajenda, isijadili lisilo kwenye ajenda wala kuamua mambo kwa barua pepe ila kwa dharura, na rasimu ya kumbukumbu ipatikane ndani ya siku 30. Faragha imebakishiwa mambo machache, kama kesi na nidhamu ya mwanachama. Tufuate hayo hayo, nasi turuhusiwe kuketi, kusikiliza na kusema.

Mkikataa, tutaitisha mkutano wenyewe, na ikibidi tutakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Jibu lije kwa maandishi na libandikwe ubaoni pale getini. Lisiishie kwenye kundi la WhatsApp, kwani wazee wetu wa ghorofa ya kwanza hawana simu za aina hiyo, na ada wanalipa kama sisi.

Ni sisi, wenye nyumba.