Nyumba Yetu: Mbao za Baraza ya Uani



Baraza za wazee wetu zilijengwa kwa mawe na chokaa. Siku hizi zipo familia zinazopendelea kuongeza uani sakafu ya mbao iliyoinuliwa, mahali pa bibi kupunga upepo wa alasiri na watoto kucheza mbele ya macho ya mama yao. Ni jambo jema. Lakini mbao zikichaguliwa kwa bei pekee, si ajabu baada ya masika machache ubao ukavunjika chini ya mguu wa mtu mzima. Basi kabla ya kumkabidhi fundi fedha, yafaa mwenye nyumba ajue anachonunua.

Zisitudanganye boriti za mikoko katika nyumba kongwe za Lamu na Mombasa. Zimedumu kwa sababu zimekaa kavu, ndani ya nyumba. Mbao za uani hunyeshewa, huchomwa na jua, hupigwa na hewa ya chumvi na hunyemelewa na mchwa. Ukungu unaoozesha mbao hauwezi kustawi iwapo maji yaliyomo hayafikii asilimia 20 ya uzito wa mbao kavu. Yakizidi mno, uozo huanza. Kwa hiyo ugumu peke yake hautoshi. La kuuliza ni iwapo mbao hizo zitastahimili maji na mchwa.

Mbambakofi, mvule na msaji ndiyo miti yenye sifa hiyo. Uimara wake umo katika moyo wa mti, yaani sehemu ya ndani yenye rangi iliyokoza. Sehemu ya nje iliyo nyeupe huliwa upesi, hata mti uwe bora namna gani. Kagua ubao mmoja mmoja, na wenye weupe pembeni uukatae. Mvule na mbambakofi huchukua miaka mingi kukomaa, hivyo muulize muuzaji zimetoka wapi na kama zina kibali. Msaji hupandwa mashambani, kwa mfano Tanga nchini Tanzania.

Mnazi ni kinyume cha hiyo mitatu: ugumu wake uko upande wa nje, na katikati ni laini. Chagua mbao nzito zilizopasuliwa karibu na ganda, kutoka sehemu ya chini ya shina, na zisigusane na udongo. Saiprasi ni ya bei nafuu, lakini kwa kazi ya nje huhitaji dawa.

Hapa kwenye dawa, dada zangu, tuwe na tahadhari. Nguzo na mbao zenye rangi ya kijani mara nyingi zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na arseniki, na arseniki ni sumu. Marekani iliacha kuitumia katika mbao za kawaida za nyumbani mwishoni mwa mwaka 2003. Nguzo kama hizo zaweza kubeba baraza kutoka chini, lakini sakafu anayotambaa mtoto isitengenezwe kwa mbao hizo. Vipande vinavyobaki visitumiwe kuwa kuni kamwe, kwani moshi na majivu yake vina sumu. Wala usikubali fundi apake oili chafu ya gari mahali watoto wanapokaa.

Hata mbao bora huharibiwa na ujenzi mbaya. Nguzo zisimame juu ya saruji, zisizikwe udongoni. Pawe na nafasi ya milimita 5 hivi kati ya ubao na ubao ili maji yapite, na chini pawe wazi ili upewe upepo. Skurubu ziwe za chuma kisichoshika kutu, kwani msumari wa kawaida hauvumilii chumvi ya pwani.

Na fedha zikipungua, punguza ukubwa wa baraza, usipunguze ubora wa mbao. Baraza ndogo ya mbambakofi, inayotosha mkeka mmoja, ni bora kuliko uwanja mzima wa mbao zitakazong'olewa baada ya miaka michache. Fedha za familia ni amana, na usalama wa wanaokaa juu ya baraza hiyo ni amana kubwa zaidi.